Mwanachuo, CV yako inakusema vibaya!

Hapa Tanga joto tu ndilo linalotusumbua, lakini jioni ukifika Raskazone upepo unakusahaulisha yote. Wiki iliyopita tulizungumzia vijana wanaokopa fedha ili waonekane harusini, na nawashukuru wote mlioniletea ujumbe, wakiwemo wawili walionitukana. Matusi nimeyapokea, ila madeni bado ni yenu.

Wiki hii tuache mambo ya harusi, tuzungumzie karatasi. Naam, karatasi. Ile unayoiita CV, wengine wanaiita wasifu, ambayo kila mwanachuo anayo kwenye simu yake lakini ukimwambia akusomee kilichoandikwa humo anaanza kukohoa.

Najua wapo watakaosema, “Huyu jamaa kaishia kidato cha nne, atamfundisha nini mtu wa chuo?” Swali zuri. Jibu ni kwamba mimi mchana ninashinda kwenye steshenari ya mshikaji wangu kule Ngamiani, ninachapa, ninatoa kopi na kuskani. Safu hii hainilipi nyumba, bwana. Kwa hiyo CV za wanachuo wa mji huu zinapita mikononi mwangu kila siku, za wa utumishi wa umma, za wa mifugo kutoka Buhuri, za manesi na za mafundi wa VETA. Nimeshachapa nyingi mno kiasi kwamba nikilala naota “Jina la Kwanza, Jina la Kati”. Na nakwambia ukweli, mpenzi msomaji, nyingi zinasikitisha.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne kama saa 6 mchana, alikuja binti mmoja ninayemfahamu, jina naliweka kapuni. Ni mtoto wa jirani yetu, anasoma stashahada ya masijala, yaani utunzaji wa kumbukumbu. Baba yake alikuwa mkata mkonge na sasa mgongo umegoma, mama yake ndiye anayeuza maziwa na ndiye aliyemsomesha. Binti alikuwa amesikia kuna ofisi moja hapa mjini inachukua wanachuo kwa mafunzo ya kazi ya miezi 6, na posho ipo. Mwisho wa kupeleka bahasha ni siku hiyo hiyo saa 10 jioni.

“Kaka, shikamoo. Nitolee kopi hii haraka,” akanikabidhi simu.

Nikafungua. Kurasa 5! Ukurasa wa kwanza una maua pembeni kama kadi ya mwaliko. Chini ya jina lake imeandikwa kwamba yeye ni mtu mwenye uzoefu mkubwa, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na kwa usimamizi mdogo. Nikashuka, ukurasa wa tatu nikakuta amesoma shule ya wavulana. Nikamtazama. Ukurasa wa tano, wadhamini wote ni watu wa Mbeya asiowajua hata kwa sura.

“Mdogo wangu, hii CV ni ya nani?”

Akacheka kwa aibu. Kumbe aliichukua kwa rafiki yake, naye aliichukua kwa kaka yake, kila mmoja akabadilisha jina juu na kuacha mengine kama yalivyo. Mwanafunzi wa masijala, mtu anayesomea jinsi ya kutunza kumbukumbu za wenzake, kumbukumbu zake mwenyewe ni za kuazima!

Halafu akaniomba kitu kilichonitoa jasho. Akasema, “Kaka, niongezee hapo nimefanya kazi miaka miwili mahali popote, si unajua wanataka uzoefu?”

Hapo ndipo nilipoacha kazi zote nikamvutia kiti. Kwa sababu hilo soo ninalijua, mimi mwenyewe limeshanikuta.

Ilikuwa mwaka 2019. Nilikuwa nimemaliza shule, niko mtaani tu, asubuhi kijiweni, jioni kijiweni. Ikatokea nafasi ya msaidizi wa stoo katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Nikajichapia CV. Nikaandika kwamba nimekuwa mtunza stoo miaka miwili kwenye biashara ya mjomba wangu, tena nikaweka na namba yake kama mdhamini. Mjomba ana biashara kweli, anauza nazi na ndizi sokoni. Stoo hana. Na wala sikumwambia kitu.

Nikaitwa. Nimevaa shati jeupe la kuazima, nimekaa mbele ya mama mmoja mtu mzima, mpole kabisa. Akasoma ile karatasi, akavua miwani, akachukua simu ya mezani na kupiga palepale, sauti akaiweka wazi.

Mjomba akapokea, nyuma makelele ya soko. Mama akajitambulisha, akamuuliza kama ananifahamu.

“Namfahamu sana, ni mpwa wangu huyo.”

“Anasema amekuwa akikutunzia stoo kwa miaka miwili.”

Kukawa kimya kidogo. Kisha mjomba akasema, “Mama, huyo mtoto hajawahi kunifanyia kazi hata siku moja. Kwani kuna stoo gani tena?”

Mpenzi msomaji, kiyoyozi kilikuwa kinapuliza lakini mimi jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Yule mama hakunifokea. Alinirudishia karatasi yangu akasema, “Mwanangu, nafasi hii ilikuwa haihitaji uzoefu. Tulitaka mtu mwaminifu wa kumwachia funguo.” Nikatoka. Kuanzia pale mpaka nyumbani nilitembea kwa miguu na nauli ninayo mfukoni. Lakini kilichoniuma zaidi siyo kazi. Mjomba alikaa karibu mwaka mzima akinisalimia kwa mkato, kwa sababu nilimfanya aonekane mwongo mbele ya mtu asiyemjua.

Sasa wewe unaweza kusema hayo ni mambo ya stoo tu. Haya, kumbuka ya mwaka 2017. Mwezi wa Aprili mwaka huo, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wameshatumikia miaka mingi, wamejenga, wanasomesha watoto. Uongo wa kwenye karatasi hauozi, unakaa tu kwenye faili ukikusubiri. Unaweza kuusahau wewe, faili haliusahau.

Kwa hiyo tuelewane kabla hatujaenda mbali. CV nzuri ni ya kweli iliyopangwa vizuri. Kwa mwanachuo, kupanga ndiyo kazi kubwa, kwani wengi mna vitu vya kuandika ila hamvioni.

Tuanze juu kabisa. Jina. Andika jina kama lilivyo kwenye vyeti vyako na kwenye kitambulisho cha NIDA. Watoto wa huku pwani hili linatuponza sana. Cheti cha kuzaliwa Mwanahamisi, cha kidato cha nne Hamisa, NIDA wakaandika wanavyojua wao. Kama majina yamepishana, shughulikia hati ya kiapo mapema, usisubiri siku ya tangazo. Jina la mtaani, lile la “Don” au “Mrembo wa Makorora”, liache mtaani.

Halafu namba ya simu na barua pepe. Simu iwe inayopatikana. Kuna dogo mmoja alikosa kuitwa kwa sababu aliandika namba ya laini aliyomwachia mpenzi wake, wakagombana, laini ikatupwa Ngamiani hukohuko. Na ule mlio wa kupigiwa, ule wimbo anaousikia anayekupigia, ukiwa unatafuta kazi utoe. Bosi anapiga kukuita kwenye usaili, anasikia mtu analalamika kaachwa. Barua pepe nayo fungua nyingine yenye jina lako tu. Siyo ile uliyoifungua kidato cha pili yenye maneno ya sukari na asali.

Kabila, dini, uzito, urefu, idadi ya watoto, hayo usiyaweke kama hujaombwa. Unaomba kazi, huposwi. Picha nayo hivyohivyo, wakiitaka weka ya pasipoti, siyo ile uliyokatwa kwenye picha ya harusi, mkono wa mtu umebaki begani.

Baada ya hapo inakuja elimu, na hapa anza na ya sasa ukirudi nyuma. Chuo kwanza, kisha sekondari. Shule ya msingi ukipenda mstari mmoja, hakuna atakayekupa kazi kwa sababu ulikuwa kiranja wa zamu darasa la sita. Kama bado unasoma, sema bado unasoma na mwaka unaotarajia kumaliza. Usiandike umemaliza. Na kama kozi yako ina masomo yanayogusa kazi hiyo, yataje mawili matatu.

Sasa tufike penye kilio, uzoefu. Wanachuo wengi wanaandika “sina” au wanaacha wazi, ama wanadanganya kama mimi. Hebu ngoja. Nilimuuliza yule binti, “Mdogo wangu, tangu uko kidato cha pili umekuwa ukifanya nini nyumbani?”

“Namsaidia mama maziwa.”

“Unamsaidiaje?”

“Naandika daftari la wateja. Wanaochukua kwa mkopo.”

“Wako wangapi?”

“Kama 40 hivi. Nimewapanga kwa mitaa, Mabawa peke yake, Chumbageni peke yake, na mwisho wa mwezi nampa mama orodha ya wanaodaiwa.”

Nikamtazama, naye akanitazama. Mtu huyu ametunza kumbukumbu za wateja 40 kwa miaka 5, amezipanga kwa mitaa, anatoa taarifa kila mwezi. Anasomea masijala. Na kwenye CV yake hajaandika hata neno moja kuhusu hilo, badala yake anataka nimtungie uongo!

Tukaandika hivi: “Mtunza kumbukumbu, biashara ya familia ya maziwa. Ninaandika mauzo na mikopo ya wateja 40, ninapanga daftari kwa mitaa, na ninatoa orodha ya madeni kila mwisho wa mwezi.” Mistari mitatu, hakuna chumvi, na mtu wa masijala akisoma lazima asimame kidogo.

Hivyo basi nawe jichunguze. Kama ulikuwa karani wa sensa Agosti 2022, hiyo ni kazi. Ulipita nyumba kwa nyumba na kishikwambi, ulihoji watu, ulitunza siri zao. Kama uliwahi kusimamia kituo siku ya uchaguzi, andika. Katibu wa kwaya aliyetunza fedha za sare, mwalimu msaidizi wa madrasa aliyekuwa na watoto 30, mwekahazina wa timu ya mtaa, deiwaka aliyehesabu magunia, wote wana la kuandika. Na fildi! Jamani fildi yako ya wiki 8 usiiandike kwa mstari mmoja kwamba “nilifanya fildi halmashauri”. Sema ulifanya nini. Ulifungua mafaili mangapi, ulipima nini, ulihudumia watu gani. Ukiweka idadi, anayesoma anaona kitu. Ukiandika “nilifanya shughuli mbalimbali”, anajua ulikuwa unatumwa chai.

Hapa naomba niwataje wakubwa wawili, mmoja wa kwetu na mmoja wa ng'ambo.

Wa kwetu ni Shaaban Robert. Wengi mnamjua kwa mashairi mliyokaririshwa shuleni, lakini huyu mzee, aliyezaliwa Vibambani hapahapa Tanga mwaka 1909, maisha yake yote ya kazi alikuwa karani. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 mpaka 1926. Mwaka huo wa 1926 akaingia idara ya forodha, Pangani, na forodhani akadumu mpaka 1944. Kisha miaka miwili idara ya mifugo kule Mpwapwa. Kisha ofisi ya wilaya hapa Tanga, 1946 mpaka 1952. Kisha ofisi ya upimaji ramani mpaka 1960. Umeona? Maisha ya kazi ya mtu mkubwa kuliko wote katika uandishi wa Kiswahili nimekueleza kwa mistari michache, miaka ipo, mahali papo, kazi ipo. Sasa wewe wa miaka 22 kurasa 5 unazijaza na nini?

Wa ng'ambo ni yule mchoraji Leonardo da Vinci. Kiasi cha mwaka 1482 alitaka kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan kule Italia. Leonardo alikuwa mchoraji, lakini aliijua shida ya bwana yule ilikuwa vita. Basi akamwandalia barua ya kuomba kazi, akaorodhesha hoja zake kwa namba: najua kutengeneza madaraja mepesi ya kubebeka, najua mizinga, najua magari ya vita. Uchoraji akautaja mwishoni kabisa. Yaani alitanguliza kile ambacho mwajiri anakihitaji, akaacha kile anachojivunia mwenyewe kije baadaye.

Hiyo ndiyo hesabu. Lakini utakuta mwanachuo wa Tanga ana CV moja tu. Anaipeleka bandarini, kiwanda cha saruji, Bodi ya Mkonge, kwenye maziwa, hotelini Pangani, na Chongoleani linakoishia bomba la mafuta kutoka Hoima, ileile moja, kama kanzu ya kwendea msikitini na kulimia. Hapana. Soma tangazo mara mbili. Wakitaka mtu wa kumbukumbu, kumbukumbu ziende juu. Wakitaka mtu wa kuongea na wageni, pandisha lugha zako na ile kazi ya kutembeza watalii mapango ya Amboni. Siyo kwamba unabadilisha ukweli, unabadilisha kipi kitangulie.

Na mambo ya zamani yasichukue nafasi kubwa. Mimi ni mwana Coastal Union damu, na kila mwana Coastal atakwambia habari za ubingwa wa mwaka 1988. Ni kweli, walichukua, heshima yao. Lakini kocha akitafuta mchezaji leo hamuulizi babu yake alifunga magoli mangapi. Vilevile mwajiri anataka kujua umefanya nini miaka miwili mitatu hii.

Kuhusu urefu, mwanachuo ukurasa mmoja unakutosha, miwili ikizidi. Maandishi ya aina moja, meusi, yanayosomeka. Maua, nyota na rangi saba waachie wauza khanga. Sehemu ya ujuzi nayo usijisifu ovyo. Umeandika unajua kompyuta, je, ukipewa orodha ya majina 100 uyapange kwa alfabeti kwenye mashine utaweza? Umeandika Kiingereza “vizuri sana”, basi jiandae usaili uendeshwe kwa Kiingereza kuanzia “karibu” mpaka “kwaheri”. Wengi wanachemsha hapo.

Wadhamini, wale tunaowaita marefa. Jamani, mjomba wangu amenifundisha. Kabla hujaandika jina la mtu, mwombe. Mwambie unaomba kazi gani na wapi, na umwachie nakala ya CV yako ili akipigiwa asishangae. Chagua anayekujua kwa kazi: mwalimu wa chuo, msimamizi wa fildi, kiongozi wa kikundi. Mbunge uliyepiga naye picha hakujui.

Kwa mnaotamani ajira za serikali, maombi yanapokelewa kwa mtandao kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na matangazo yao yamekuwa yakirudia masharti yaleyale ambayo watu hawasomi. Wanataka barua ya maombi iliyosainiwa, CV yenye anuani, simu na wadhamini watatu, cheti cha kuzaliwa, na vyeti vya elimu. Zile karatasi za matokeo ya muda wanasema wazi kwamba hazikubaliwi. Sasa mtu chuo kamaliza, cheti chake hajakifuata kwa sababu anadaiwa ada, anaskani karatasi ya matokeo, akikosa kuitwa anasema kuna kujuana. Kujuana kupo, sikatai, mimi siyo mtoto. Lakini wengine mnajiondoa wenyewe kabla hata hao wenye wajomba hawajafika. Na mtu akikuambia toa elfu hamsini CV yako iwekwe juu, huyo ni tapeli, kuomba kazi hakulipiwi.

Mwisho kabisa, nyie mnaokuja steshenari. Msiache CV zenu kwenye mashine zetu. Mna namba za NIDA humo, simu za wazazi, saini. Ukishachapa, simama hapo mpaka ifutwe. Faili lipe jina lako, siyo “CV mpya ya mwisho kabisa 3”. Ukituma kwa mtandao tuma kwa PDF ili isivurugike, na kabla ya kutuma mpe mtu mwingine asome kwa sauti. Makosa yako wewe huyaoni, umeshayazoea.

Turudi kwa yule binti. Tulimaliza saa 9 na nusu. Kurasa zake 5 zikawa moja na robo, tukapunguza mpaka moja. Wadhamini tuliwapigia palepale: mwalimu wake mmoja akakubali, na msimamizi wake wa fildi akasema, “Huyo namkumbuka, mwandike jina langu.” Nikamtolea kopi, nikamtafutia bahasha ya kaki, nikamsimamishia bodaboda. Alifika saa 10 kasoro dakika 10. Hela ya kuchapa sikuchukua, na mshikaji wangu mwenye duka akisoma hapa atajua kwa nini hesabu ya siku ile ilipungua.

Jumatatu iliyopita aliitwa kwenye usaili. Jioni alipita nyumbani kunisimulia. Anasema walikuwa watu watatu mezani, na swali la kwanza halikuwa la darasani. Mmoja wao alishika ile karatasi akamuuliza, “Hebu tueleze, hilo daftari la maziwa ulilipangaje, na mteja akikataa deni ulikuwa unafanyaje?” Akaeleza robo saa nzima bila kigugumizi, kwa sababu hakuwa anakumbuka uongo, alikuwa anaeleza maisha yake. Majibu bado hayajatoka. Anaweza kupata, anaweza kukosa, waombaji walikuwa wengi. Ila alitoka mle ndani kichwa kikiwa juu, wakati mimi mwaka 2019 nilitoka nikitazama kandambili za watu.

Na mimi nina langu la kuwaambia. Nimeomba kozi ya jioni ya uandishi wa habari, maana sitaki kuzeeka nikichapa CV za wenzangu. Fomu ilitaka wasifu na wadhamini. Nimeandika ukweli: kidato cha nne, mchapaji steshenari tangu 2020, mwandishi wa safu hii. Jumapili nikaenda sokoni kwa mjomba. Nikamkuta anapanga nazi. Nikamsalimia, “Mjomba, shikamoo,” nikampa karatasi nikamwomba aisome kabla sijaandika jina lake.

Aliisoma polepole, ameishikilia mbali kidogo maana miwani hakuwa nayo. Akafika kwenye steshenari, akauliza, “Hii ni kweli, sivyo?” Nikamwambia ni kweli, mjomba. Akanirudishia, akaokota nazi akaigonga kusikiliza maji yake.

“Basi niandike,” akasema. “Na safari hii wakipiga, nitasikia vizuri.”

Haya mpenzi msomaji, kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo Mungu akipenda tutazungumzia nguo za kwendea kwenye usaili, maana huko nako kuna vituko vyake. Mpaka hapo, nakutakia wiki njema. Alamsiki.